Usiku Thelathini Wilayani Wendt

Agosti 30, Jumatatu

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu niondoke nyumbani Kentucky. Siku tano kati ya hizo zilipotea Illinois, gari likiwa limenifia njiani. Nilifika huku kaskazini jana mchana. Nchi yenyewe ni bapa kama meza, ingawa wenyewe wanaiita bonde. Mimi nimekulia kati ya milima, na hapa najiona kama mtu anayetazamwa kutoka pande zote.

Kampuni ya sukari ya Torvik imenipa nafasi namba kumi na nne kambini, ya kuegesha trela langu, pamoja na umeme na bomba. Nitafanya kazi kwenye mashine ya kurundika viazi sukari mpaka msimu uishe. Daftari hili nimepewa na Oleta, mke wangu. Anasema nikiwa mbali huwa nasahau hata jina la mbwa, kwa hiyo niandike. Shule niliiacha darasa la nane. Atakayesoma avumilie.

Agosti 31

Mafunzo ya usalama. Msimamizi wetu anaitwa Kessel, ana umri wa mwanangu, na anatuita vijana. Kijana kuliko wote ni Eusebio Garza kutoka kusini mwa Texas, ana miaka hamsini na mmoja.

Tulipanga foleni mbele ya gari lake, tukatia sahihi karatasi juu ya boneti moja baada ya nyingine: ya kofia ngumu, ya glavu, ya benki, ya vizibo vya masikio.

"Na hii?" Eusebio aliuliza.

"Anwani yako tu," Kessel alisema. "Tujue pa kukutafuta ukifa."

Tulicheka, tukatia sahihi. Nakala za waridi tukapewa wenyewe. Zangu nimezitia chini kabisa ndani ya kisanduku cha chakula.

Septemba 3

Kazi. Vumbi. Mgongo.

Septemba 7

Kazi ni hii: lori linapanda kwenye mashine, linamwaga viazi, mashine inavikung'uta udongo na kuvirusha kwenye rundo refu kama ghala. Mimi nasimama chini na koleo, naelekeza madereva kwa mikono, na kuchukua sampuli kwenye mfuko. Saa kumi na mbili kwa siku. Mashine inapiga kelele, lakini redio ya Kessel inapiga kelele zaidi.

Mchana huwa tunamsikiliza Gaylen Stroud, mchambuzi wa siasa. Anajua kuongea, yule bwana. Leo alisema watu wa mjini wanataka kumfundisha mkulima wa bondeni jinsi ya kumwaga maji ya kunawia. Nilicheka mpaka nikakohoa vumbi. Akimaliza yeye huja tangazo la Majirani wa Bonde, kisha yeye tena.

Septemba 12, Jumapili

Nilitembea kutafuta mayai. Nyumba ya nusu maili kutoka kambini ina kibao barabarani. Mwenyewe ni Bi Solveig Brandvold, mjane, mwalimu mstaafu, miaka sabini na moja. Alivaa buti za marehemu mumewe.

"Mayai ni mazuri," alisema, "ila usiyachemshe kwa maji yangu."

Alinifungulia bomba la jikoni. Maji yalitoka rangi ya chai, yakinuka kama kitu kilichofia chini ya sakafu. Amesema yameanza hivyo tangu Julai, na kila siku anachota maji kanisani kwa madumu.

"Labda ni pampu," alisema. "Kampuni inasema ni pampu."

Nilimwambia kwamba miaka ishirini na miwili nilikuwa mtu wa pampu mgodini. Maji yakijaa, wenzako wanakufa, kwa hiyo unajifunza.

"Basi njoo Jumapili ijayo. Nitakulipa chakula. Mimi ni Mlutheri, malipo mengine sina."

Septemba 19, Jumapili

Nimeitoa pampu kisimani, futi mia na kumi. Nimeifungua mezani kwake juu ya magazeti. Ni nzima, ya miaka mitatu tu. Lakini bomba zima limejaa ute wa kijivu, na ute huo una harufu ileile ya madimbwi ya kiwanda, pale wanapomwaga maji waliyooshea viazi. Kuta za madimbwi unaziona kutoka dirisha la jikoni kwake.

"Pampu yako ni nzima, Bi Solveig," nilimwambia. "Kinachoumwa ni maji."

Alinipakulia nyama ya kusaga iliyookwa na viazi. Ndipo akanieleza juu ya Pendekezo la Pili. Litapigiwa kura Novemba 2. Likipita, kampuni italazimika kutandika sakafu chini ya madimbwi, na visima vya majirani vitapimwa kila mwaka na mtu asiyelipwa na kampuni. Yeye na wakulima wengine sita ndio waliokusanya sahihi, mlango kwa mlango.

"Wapigakura wilaya nzima hatufiki elfu mbili," alisema. "Hapa kila mtu namjua. Nadhani tutashinda."

Kumbe hili ndilo jambo la watu wa mjini. Nilitazama zile buti zake na sikusema kitu kuhusu Gaylen Stroud.

Aliniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia yote: Oleta, wajukuu wawili, nyumba ambayo baba yangu aliijenga mwenyewe na bado ina mlango unaogoma wakati wa mvua.

Septemba 22

Upepo kutoka madimbwini. Hakuna aliyekula mchana.

Septemba 28

Leo Kessel alileta keki kubwa imeandikwa 30 kwa sukari nyekundu, na nyama ya kuchoma kwa wote. Tuko karibu mia nne tukichanganya vituo vyote.

"Hongereni, vijana. Usiku thelathini! Sasa ninyi ni wenyeji wa Wendt."

Eusebio akasema, "Mimi wenyeji wangu mwisho ni kule choo cha plastiki."

Watu walicheka. Kessel alicheka pia, lakini alikuwa na orodha mkononi, na kila aliyechukua kipande cha keki aliwekewa alama. Nilidhani ni kwa ajili ya keki.

Oktoba 1

Mavuno makubwa yameanza. Malori yamepanga foleni mpaka barabara kuu.

Oktoba 4

Malori.

Oktoba 8

Joto limezidi, na viazi vikirundikwa vya moto huoza ndani kwa ndani, rundo zima. Kazi imesimamishwa. Tumekaa kambini kwenye viti vya kukunja kama watu wanaosubiri mazishi. Joto hili Oktoba si la kawaida, wenyeji wanasema. Harufu imelala juu ya kambi, haiendi popote. Bomba langu namba kumi na nne limeanza kutoa maji ya chai.

Nilimwambia Kessel. Akasema ni kutu.

Oktoba 9

Gaylen Stroud mwenyewe amekuja! Wamemwekea meza na hema karibu na rundo, na mkurugenzi wa kiwanda ameketi kando yake, wakila pai ya tufaha huku kipindi kikiwa hewani. Stroud alimwita mkurugenzi "jirani yetu." Nimesikia kwamba mkurugenzi huyo anaishi jiji jingine kabisa na huja kwa ndege.

Baadaye Stroud alipita kwetu na kipaza sauti kutafuta maneno ya mfanyakazi. Alinichagua mimi, kwa ajili ya ndevu nadhani.

"Na wewe, mzee wa bondeni, unaambiwaje na moyo wako kuhusu Pendekezo la Pili?"

"Bwana Stroud, mimi ni wa Kentucky," nilisema.

Alifunika kipaza sauti kwa kiganja. Hakukasirika hata kidogo. "Leo ni wa hapa, mzee," alisema taratibu, kama daktari. Kisha akaenda kwa mwingine.

Mwezi mzima nimekuwa nikicheka na mtu yule. Kwa karibu ana macho ya mtu anayetazama saa.

Oktoba 10, Jumapili

Nilikwenda kwa Bi Solveig na kumsimulia ya jana. Nilipofika kwenye maneno "ni wa hapa" aliweka kikombe chini, akaniuliza kama nimetia sahihi kitu chochote. Nikakumbuka zile nakala. Nikazitoa kisandukuni, nikampa zote pamoja na makombo.

Ile ya anwani aliisoma kwa sauti ya ualimu. Inasema kwamba makazi yangu ya kudumu ni nafasi namba kumi na nne, wilaya ya Wendt. Kwamba sina makazi mengine. Na kwamba nina nia ya kubaki.

Jimbo hili halina daftari la wapigakura. Sijawahi kusikia kitu kama hicho, lakini ndivyo. Ukilala usiku thelathini, na hapa ndipo kwako, unaingia na barua ya anwani na kupiga kura. Wamefanya hivyo miaka yote kwa sababu wanajuana kwa sura.

"Mia nne," alisema. Alikuwa anakitazama kisima kupitia dirisha. "Mia nne, Verlin."

Nilipokuwa na miaka ishirini na sita, kampuni ya makaa kule kwetu iliomba ruhusa ya kujaza bonde la juu ya nyumba ya baba kwa kifusi. Kulikuwa na kikao cha wananchi. Tulipelekwa na basi, sisi wa zamu ya asubuhi, tukakaa mbele. Msimamizi alipopiga makofi nasi tukapiga. Baba alikuwa amesimama nyuma na kofia mkononi, anasubiri zamu ya kuongea, na zamu haikufika. Kijito chake kilikuwa cheusi kabla ya Krismasi. Hakunisema mpaka anakufa. Oleta tu ndiye anayejua hili, na sasa daftari.

Oktoba 13

Mvua. Uwanja wote tope. Kazi imesimama tena. Wanasema kwa kucheleweshwa huku tutafika Novemba, tena ndani ya Novemba.

Oktoba 17, Jumapili

Nimempigia Oleta. Nikamweleza kuhusu ile karatasi.

"Umehama bila kubeba hata soksi za baridi?" alisema.

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Dorsa wa pale chini mumewe alienda visima vya mafuta miezi mitatu. Ni mwaka wa sita huu. Naye alianza kwa karatasi. Wewe unarudi, Verlin?"

"Narudi."

"Basi usiape kinyume. Hata kwa mzaha. Hata kwa wema."

Oktoba 20

Nilimwomba Kessel anirudishie karatasi yangu ya anwani. Alisema zimeshapelekwa ofisini. Nikauliza ofisi ipi. Akasema, "Mzee, una trela zuri. Usilitafutie matatizo."

Oktoba 24, Jumapili

Sikwenda kwa Bi Solveig. Nimelala mchana kutwa.

Oktoba 26

Upepo wa kutisha tangu alfajiri, tukafunga mashine kwa minyororo. Mabango ya Pendekezo la Pili, yale ya wakulima, yote yameng'oka na kutapakaa mashambani. Mabango ya Majirani wa Bonde, yale ya kulipinga, yana nguzo za chuma.

Oktoba 28

Baridi na mvua ya barafu. Mchana Kessel alitukusanya nyuma ya mashine. Jumanne saa nne asubuhi basi litakuja. Mashine zitasimama masaa mawili, tutalipwa. Kila mtu atapewa barua ya anwani mlangoni mwa basi. Tukirudi atataka kuona ile stika ya kifuani wanayopewa waliopiga kura.

"Pazia ni lako, siingii," alisema. "Mimi nasema tu kwamba Pendekezo likipita, kituo hiki hakitafunguliwa mwakani. Wala kambi. Kila mtu ana akili."

Tulipokuwa tunakula, Eusebio alisogea karibu. Yeye ana mabinti watatu na mama mgonjwa.

"Mzee, wewe unanuna bure. Yule bibi yako wa mayai anahitaji kura, sivyo? Hizi hapa kura. Tunapanda basi lao, tunakunywa kahawa yao, tunaingia nyuma ya pazia, tunaweka Ndiyo. Nani atajua?"

"Tutakuwa tumeapa uongo."

"Wao wameutunga, sisi tunausoma. Shida iko wapi?"

Nimewaza siku nzima. Sioni shida iko wapi. Nimekuwa nikipiga makofi ya wengine maisha yangu yote. Safari hii nitaweka alama mahali pa haki, na mwanamke mzee apate maji. Tayari wapo kumi na mmoja waliokubaliana na Eusebio.

Oktoba 31, Jumapili

Leo pia sikwenda. Akinitazama atajua. Siku ya sabini na nne tangu niondoke.

Novemba 2, Jumanne

Nitaandika yote, hata kama mkono umechoka.

Saa nne basi lilikuja, la njano, la shule. Mawingu yalikuwa yamekaa chini sana. Hakuna aliyezungumza isipokuwa redio ya dereva: Stroud akisema leo wenyeji watajisemea wenyewe. Eusebio alinigonga goti. Nilikuwa na amani, nakiri. Nilijiona mjanja.

Wanapigia kura chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri. Tulishuka ngazi kwa mstari mmoja, buti zetu zikiacha tope. Kulikuwa na kahawa kwenye birika kubwa na vitafunio vya limau vimekatwa mraba. Na kwenye meza, nyuma ya kitabu cha majina, alikuwa ameketi Bi Solveig Brandvold na kitambulisho cha msimamizi kifuani.

Sikujua. Hakuwahi kuniambia. Baadaye nilielewa kwamba amekuwa akikaa pale kila uchaguzi kwa miaka thelathini, kwa hiyo hakuona kama ni habari.

Mstari ulisogea. Kila mtu alimpa barua, naye alisoma, akauliza kwa sauti ileile: "Hapa ndipo nyumbani kwako?" Kila mtu akasema ndiyo. Sheria haimruhusu kumkatalia mwenye barua asiyemjua. Aliandika jina, akatoa karatasi ya kura, akasema "Asante kwa kuja." Mara thelathini na zaidi nilimsikia akiwaandika kwa mkono wake watu waliokuja kumzika, na mwandiko wake haukutetemeka. Eusebio alisema ndiyo bila kuinua macho.

Nikafika mimi.

"Jina."

Alilijua jina langu. "Verlin Tackett."

Alisoma barua. "Hapa ndipo nyumbani kwako, Bwana Tackett?"

"Ndiyo, mama," nilisema. Nikainama kidogo, nikasema chini chini ili asikie yeye tu: "Ni kwa ajili yako. Niandike."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya vile. Alinielewa papo hapo. Kulikuwa na kalamu mkononi mwake, na kitabu kiko wazi, na nadhani kwa muda wa pumzi tatu au nne alikuwa ananihitaji kuliko alivyowahi kumhitaji mtu. Nyuma yangu watu walianza kusukumana. Msichana wa kampuni mwenye orodha alikuwa amesimama penye ngazi, anatutazama.

Kisha aliweka kalamu chini.

"Bwana Tackett," alisema, safari hii kwa sauti ya darasa zima, "nakuuliza tena, na ujue umeapa. Nyumbani kwako ni wapi?"

Niliona mlango ule unaogoma. Niliona baba na kofia yake.

"Kentucky," nilisema. "Kwa mke wangu Oleta."

"Basi huwezi kupiga kura hapa," alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini aliichukua ile barua, akaandika juu yake kwa herufi nzuri, akaiweka pembeni. "Asante kwa kuja. Anayefuata."

Nilipanda ngazi. Watu wawili tu walitoka nyuma yangu, mzee mmoja kutoka Arkansas na ndugu yake. Wengine wote walibaki kwenye mstari. Kwenye basi kila kifua kingine kilikuwa na stika nyekundu.

Novemba 3

Pendekezo la Pili limeshindwa kwa kura mia mbili na sita.

Stroud amesema bonde limeongea. Kessel alinikuta kwenye mashine saa mbili asubuhi na kusema sikuvaa miwani ya usalama jana. Miwani ilikuwa usoni mwangu. Nimepewa mpaka kesho jioni kuliondoa trela. Wale wawili wa Arkansas nao vilevile.

Eusebio alikuja kunisaidia kufunga mabomba. Hakuwa na mizaha.

"Mimi niliweka Ndiyo, mzee. Naapa kwa mabinti zangu."

"Nakuamini."

"Wale kumi na mmoja sijui. Kila mmoja anasema aliweka." Alikaza nati mpaka ikataka kukatika. "Leo wamesema mwakani nirudi. Kituo kitakuwepo, na madimbwi mawili mapya."

Novemba 4, Alhamisi

Asubuhi nilikwenda kwa Bi Solveig. Nilimkuta uani anamimina maji ya madumu kwenye ndoo za kuku. Kuna ukungu mzito leo, huoni hata kuta za madimbwi, unayanusa tu. Nilimsaidia kubeba.

"Kura yangu moja isingetosha," nilisema.

"Isingetosha. Nimepiga hesabu."

"Lakini hukujua hivyo juzi."

"Sikujua." Alikung'uta dumu tone la mwisho. "Watoto wa marehemu mume wangu, Arvid, wanataka niende kuishi kwao Minnesota. Nimewaambia nitafikiri. Nani atanunua nyumba yenye maji haya? Watanunua wao tu, kiwanda, watachimba dimbwi jikoni kwangu."

Nilimwambia nilitaka kumpigia kura. Kwamba lilikuwa jambo la kwanza kubwa nililowahi kutaka kumfanyia mtu nje ya nyumba yangu.

"Najua, Verlin," alisema. "Ndiyo maana nilikuuliza mara mbili. Wale wengine niliwauliza mara moja."

Alinipa trei ya mayai, akakataa pesa, akaingia ndani. Nilisikia akifungua bomba, akisubiri, akilifunga.

Naandika haya nikiwa nimeketi garini, trela limefungwa nyuma, injini inawaka. Ukungu ukiinuka naondoka. Oleta, gari likikubali, nitegemee Jumamosi jioni, tarehe sita.